Denver nimeingizwa mjini kabla sijafika mjini

Saa tano na nusu usiku, mimi na kijana ninayefanya naye kazi tumesimama mapokezi ya hoteli Denver, mabegi miguuni, na dada wa mapokezi anaandika jina langu kwa mara ya tatu. Anaandika, anaangalia skrini, anatabasamu. Hakuna. Nikamtajia herufi moja moja, maana huku majina yetu lazima uyataje kama unafundisha chekechea. Hakuna. Nikatoa karatasi yangu niliyoprinti, ina nembo, ina jina la maonyesho, ina namba ndefu ya bukingi na sahihi yangu mwenyewe pale chini. Akaisoma taratibu mpaka mwisho halafu akaniambia kwa upole kabisa kwamba hiyo namba siyo ya kwao, na kwamba hoteli imejaa.

Naandika haya kwa wenzangu wa kuvuta waya mlioko Marekani, nyie wa spika za dari, kamera, Wi-Fi za majumba makubwa, vyumba vya sinema, ambao kila mwaka mnasema mwaka huu lazima niende CEDIA Expo. Nendeni, ni pazuri. CEDIA ni chama cha mafundi wa elektroniki za majumbani, kimeanza 1989, na maonyesho yenyewe yanahamahama, 2021 yalikuwa Indianapolis, 2022 Dallas, halafu Denver 2023, 2024 na 2025, kawaida Septemba. Kujiandikisha ni rahisi, unaingia kwenye tovuti yao unajaza, unaonyesha kwamba wewe ni mtu wa kazi hii, basi. Masomo yanalipiwa mbali na kiingilio. Hayo hayana shida. Shida ni chumba cha kulala, na hapo ndipo nataka mnisikilize.

Ilikuwa hivi. Kama wiki sita kabla, niko darini kwa mteja na jasho linanitoka, simu inaita. Sauti ya mama mmoja, laini kama ya mtangazaji, ananiita kwa jina langu, anataja kampuni yangu, anauliza nakuja Denver na watu wangapi. Hakuniuliza kama nakuja, aliuliza na wangapi. Akasema wao ndiyo wanashughulikia malazi ya washiriki, vyumba karibu na ukumbi vinaisha, amebakiwa na vichache kwa bei ya maonyesho. Namba ya kampuni yangu imeandikwa ubavuni mwa gari kwa herufi kubwa na iko mtandaoni, kwa hiyo wala sikujiuliza kaipata wapi. Dakika kumi baadaye fomu imeingia kwenye imeili, usiku ule nimekaa mezani nimejaza namba ya kadi, nimesaini, nimetuma. Siku nne, dola 1,140. Nikalala usingizi mzuri nimeokoa hela.

Sasa jamani mimi nimekulia Dar. Nimejifunza kusoma kwa kusoma kuta, NYUMBA HII HAIUZWI OGOPA MATAPELI, najua dalali anayekuonyesha nyumba ya mtu mwingine akachukua kodi ya miezi sita akapotea. Meseji za ile hela tuma kwenye namba hii zikiingia kwenye simu ya mama mdogo mimi ndiye ninayemcheka. Na mimi huyo huyo nimetumiwa ile ile tuma kwenye namba hii, ila kwa Kiingereza kizuri na karatasi yenye nembo, nikatuma. Dalali ni dalali, akiwa na kofia Manzese au akiwa na sauti ya redio Marekani.

Sehemu iliyonimaliza kabisa ni hii, na hapa hata wajanja wanapigwa. Wiki tatu kabla ya safari roho ilinituma, nikapiga simu hotelini moja kwa moja. Wakasema jina lako hatulioni. Moyo ukaruka. Nikampigia yule mama, akacheka kidogo, akasema usijali, hoteli huwa inapokea orodha ya majina ya kundi siku chache kabla, mpaka sasa hawajaingiza. Na mbaya zaidi ni kwamba hilo jambo lipo kweli! Vyumba vya makundi mara nyingi majina yanapelekwa mwishoni. Uongo mtamu ni ule uliochovywa kwenye ukweli. Nikatulia, na kule kutulia ndiko kulikoniponza, kwa sababu wiki tatu kabla bado ningepata chumba pengine.

Kwa hiyo shikeni hili. Mtu akikupigia yeye kuhusu chumba cha maonyesho, kata simu. Sijali anajua jina lako, sijali anajua jina la bosi wako. Link ya vyumba halali inakaa kwenye tovuti ya maonyesho yenyewe, unaifuata wewe kwa mkono wako, wala siyo ile iliyoletwa kwenye imeili na mtu usiyemjua. Ukishabuku, ipigie hoteli uombe namba ya uthibitisho ya hoteli yenyewe, ile iliyomo kwenye mfumo wao, siyo namba ya dalali. Kama hoteli haikuoni na mtu wako anakupa hadithi ya orodha, mpigie mwandaaji wa maonyesho umuulize, mnamjua huyu? Dakika tano tu. Mimi sikuzitumia hizo dakika tano. Narudia, akikupigia yeye, kata.

Na wale mnaosimamisha kibanda pale ndiyo mnawindwa zaidi, maana orodha ya makampuni yenye vibanda iko wazi kwa kila mtu, dalali anaisoma kama menyu.

La pili ni kadi. Mimi nilitumia kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kwa sababu tulivyolelewa deni ni aibu, na nilijisifu kwamba mimi sinaga kadi ya mkopo. Kumbe huku kwenye mambo haya kadi ya mkopo ndiyo ngao. Ukilipia kwa kadi ya mkopo kitu usichopewa, sheria inakupa siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye hayo malipo ikutumwe, unaandika barua ya kupinga, na wakati wanachunguza hulazimiki kulipa hiyo sehemu unayoipinga. Kadi ya akaunti hela yako imeshatoka, sasa wewe ndiye unaikimbiza. Nilipokwenda benki kulalamika, kijana wa pale aliniuliza swali moja tu, bwana, sahihi hii ni yako? Ni yangu. Na pale kwenye maandishi madogo, ukurasa wa pili wa fomu, imeandikwa malipo yote hayarudishwi, na kwamba hoteli inaweza kubadilishwa na nyingine inayofanana. Nilikuwa sijafungua ukurasa wa pili. Nikaripoti FTC, ile idara ya serikali kuu inayowalinda wateja, wakapokea, nikapewa namba ya ripoti, ripotini pia maana inasaidia wengine, lakini ile 1,140 sijaiona mpaka leo.

Hapa ndipo nawaonea maajabu hawa wenyeji wetu. Nyumbani ukitapeliwa unapiga kelele, majirani wanatoka, mjumbe anaitwa, mtu anavutwa shati, kuna namna. Huku kila mtu ni mpole. Tapeli mpole, benki wapole, hoteli wapole, wote wanakutakia siku njema. Karatasi ikishasainiwa huruma inakuja kama pole tu, haina mkono wa kurudisha kitu. Hawa watu karatasi ndiyo neno lao, mdomo ni mapambo. Sisi tumekulia kinyume chake, mdomo ndiyo mkataba na karatasi ni ya serikali. Ukishalielewa hilo nchi hii inakaa vizuri, lakini wengi tunalielewa baada ya kulipia ada.

Usiku ule kilichotuokoa ni yule kijana wangu, Mrundi, ana binamu Aurora, mji ulioungana na Denver upande wa mashariki. Akapiga simu kwa Kirundi, mara Kiswahili, mara Kifaransa, saa saba usiku tumelala kwenye kochi na mkeka na asubuhi tumepewa chai ya maziwa na chapati. Aurora watu wetu wapo, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi wengi kweli, ukichoka na sandwichi za ukumbini injera huikosi. Nyama choma ile yenyewe sikuipata, labda sikutafuta vizuri.

Mengine ya mji ni haya haraka. Uwanja wa ndege uko mbali porini, panda treni ya A mpaka Union Station, kama dakika 37, dola 10, achana na teksi. Ukumbi ni Colorado Convention Center katikati ya mji, huwezi kupotea, nje kuna dubu la bluu la futi 40 limeegemea kioo linachungulia ndani kama jirani mbea. Vaeni viatu mlivyovizoea. Wanawatisha watu na mwinuko wa mita 1,609, wengine wanatembea na vichupa vya oksijeni, ila mtu wa Nairobi amezoea juu zaidi ya hapo, sisi wa pwani ndiyo tunywe maji na tusipande ngazi kwa fujo siku ya kwanza.

Ah, na bangi. Colorado inauzwa dukani tangu 2014, duka zuri limepangwa kama famasi, na jioni wenzako wa maonyesho watakwambia twende. Sheria ya jimbo imeruhusu, serikali kuu haijaruhusu, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Mwenye greencard au viza akikiri tu kwamba ametumia, hata bila kukamatwa, inaweza kumharibia kuingia nchini au uraia. Mwamerika mwenzako yeye anahatarisha kichwa kuuma, wewe unahatarisha makaratasi yako. Usiwaige.

Sasa ndugu zetu wa nyumbani, nawapenda lakini tuambizane. Ukisema tu naenda maonyesho, simu zinaanza. Shemeji yangu Dar alitaka nimwombee barua ya mwaliko. Shemeji, barua ya mwaliko ni barua tu, kila aliyejiandikisha anaweza kuiomba, haimlazimishi afisa wa viza ubalozini kitu. Ada ya kuomba viza ni dola 185 na ukinyimwa hairudi. Na ukishaniambia kwenye simu kwamba nikishafika najua pa kwenda, unaniweka na mimi kwenye shimo. Kama hujawahi kufunga hata spika moja, atakayekuhoji dirishani atalijua hilo kwa swali la pili.

Mwingine anataka zawadi, kaka lete zile swichi za kuwasha taa kwa simu, ni bei poa siku ya mwisho wakifunga vibanda. Nilishawahi kupeleka, najuta. Swichi ya Marekani ni ya volti 120, kwetu 230, Kenya 240. Boksi la ukutani la huku ni refu jembamba, letu la Kiingereza ni mraba, haiingii hata ukitukana. Na zile za Z-Wave, yaani zinazoongea kwa redio bila waya, za huku zinaongea kwenye megahezi 908.42 wakati zilizotengenezwa kwa Ulaya ni 868.42, kwa hiyo swichi ya huku na kitovu, kile kiboksi kinachoziamrisha swichi zote, kilichonunuliwa Dubai kwa soko la Ulaya hazisikilizani milele. Tena hiyo 908 kwetu imo kwenye masafa ya simu za mkononi, kwa hiyo unavuruga na mawasiliano ya watu. Fundi wa Mbezi alihangaika siku mbili, akaniambia broo hizi zimekufa. Hazijafa, ziko nchi siyo yake. Kama unataka kupeleka kitu nyumbani peleka vifaa vya fundi, kibanio kizuri cha kichwa cha kebo ya mtandao na kipimia kebo, hivyo havina nchi.

Ndani ya maonyesho kwenyewe sina cha kuwatisha. Unaingizwa vyumba vya giza vya sinema unakaa kwenye kochi la ngozi kifua kinatetemeka kwa besi, unatoka unaona kazi yako ina heshima. Makampuni yatakwangua beji yako kwa mashine, ujue kila kibanda kilichoikwangua kitakutafuta mwaka mzima, na sina hakika namba yangu haijazungushwa huko huko.

Maana mwaka uliofuata simu ilikuja tena. Nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, spika moja inaning'inia kwa waya. Siyo yule mama, safari hii kijana wa kiume, sauti ile ile ya redio, anauliza tunakuja wangapi. Nikatoa bisibisi nikamwambia tunakuja wawili, nipe kwanza namba ya uthibitisho ya hoteli yenyewe niwapigie. Akanyamaza. Nikamsikia anahema, kwa nyuma wenzake wanaongea na wengine, na wengine, ofisi nzima. Halafu akasema have a nice day. Nikaisevu ile namba kwenye simu, nimeiandika DALALI 2.