SOMO: Vijinzi kwenye meza ya matunda. Soma yote kabla hujaniuliza

Wiki hii nimeulizwa mara 6 "kaka, nipulize dawa gani?" Naandika mara moja tu. Atakayerudia namwelekeza hapa. Nauza maembe, mapapai na ndizi pale Buguruni, mwaka wa 11 sasa.

Kwanza mjue mgeni wako, maana wapo wa aina mbili na watu wengi wanawachanganya. Vile vidogo vya rangi ya chai ya rangi, macho mekundu, vinavyozunguka juu ya papai lililopasuka, ni drosofila. Vinafuata chachu, yaani tunda lililoanza kuchacha. Embe zima haviwezi kulitoboa. Wa pili ndiye inzi wa matunda hasa: mkubwa kama inzi wa kawaida, ana michirizi ya njano mgongoni, ukimwona haraka utadhani nyigu. Asili yake Asia, Kenya alionekana mwaka 2003, na kwetu hakukawia. Huyu hutaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini. Kwa hiyo funza unayemkuta ukipasua embe Buguruni, amepanda gari pamoja nalo kutoka shamba.

1. Kila asubuhi chambua. Lililopasuka lisilale mezani.

2. Jioni futa meza kwa maji ya sabuni.

3. Inua kila kilicho CHINI ya meza: gunia, boksi lililolowa, kreti. Juisi inachuruzika huko, inachacha, na vijinzi vinazaliwa hapo wakati wewe unahangaika na maembe ya juu. Kwa joto la Dar, yai linakuwa kijinzi kamili kwa siku 8 hadi 10. Ukisafisha mara 2 kwa wiki, hakuna kitakachofikia kuruka.

4. Mtego wa vile vidogo. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata sehemu ya juu, igeuze mdomo uangalie chini, ichomeke kwenye kipande kilichobaki. Ndani weka siki kina cha vidole 2 na tone la sabuni ya maji.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wangu wa kwanza niliona siki ni gharama, nikaweka ndizi iliyooza, bila sabuni, nikaning'iniza katikati ya meza. Nikapata msiba Korogwe, nikakaa huko wiki 2. Narudi, chupa inatembea funza, ukutani kumegandamana vifuko vya kahawia vidogo kuliko punje za mchele, vingine vimeshapasuka na wenyewe wameruka. Jirani wa kizimba akaniita "mfugaji" hadi Ramadhani. Kwa hiyo: USITUMIE tunda kama chambo kama huna hakika utarudi. USIACHE sabuni, kwa sababu kijinzi ni chepesi, kinasimama juu ya siki kama mtu juu ya jamvi, kinakunywa kinaondoka. Sabuni ikiwemo kinazama. Mwaga kila baada ya siku 3. Na mtego ukae mbali na matunda, maana kazi yake ni kuwaita.

5. Embe lenye funza usilitupe nyuma ya kizimba. Funza akikomaa anatoka, anaruka kama kiroboto, anajichimbia udongoni, anatoka inzi. Tia kwenye mfuko mweusi, funga kabisa, anika juani siku kadhaa.

MASWALI

Mzee wa Dodo: Mkuu nimeweka siki wiki nzima na maembe bado yana funza. Mtego wako feki.
— Rudi aya ya pili.

Mzee wa Dodo: Nimesoma. Kwani nikipuliza ile dawa ya mbu?
— Hicho ni chakula cha watu. Hapana. Na aya ya pili hujasoma.

Binti Kizimbani: Shikamoo kaka. Mbona asubuhi na jioni vinajaa, mchana vinapungua? Vinakwenda wapi?
— Marahaba. Swali zuri hili. Mwili wake mdogo unakauka upesi, kwa hiyo jua likiwa kali vinajificha penye unyevu na kivuli. Mchana ndio wakati wa kugundua maskani yao. Saa 7 inua gunia polepole uone. Halafu haviwezi upepo: feni ndogo ikipuliza juu ya meza vinashindwa kutua.

Kongowea Fresh: Huku Mombasa kuna kile kidonge cha kuning'iniza, kinavuta wale wakubwa. Sokoni kinafaa?
— Ile ni methili yujenoli, dawa ya harufu, inavuta madume tu. Shambani ina maana, madume yakiisha majike hayapati wa kupandana naye. Sokoni embe limeshatagwa, utakuwa unaua madume bure.

Mama Wawili: Vyangu viko bafuni, vina manyoya, mabawa kama nondo mdogo.
— Hao wengine kabisa, dada. Wanazaliwa kwenye ule utelezi ndani ya bomba la maji machafu. Sugua bomba kwa brashi ndefu, siki haitakusaidia.

Mzee wa Dodo: Sasa funza wa ndani nifanyeje?
— Hatimaye. Badilisha unayemnunulia, au pasua embe 2 za kila tenga kabla hujalipa. Kwenye ganda tafuta kidoti kama kimechomwa sindano, pembeni pamelainika.

Binti Kizimbani: Kaka nimeinua gunia saa 7. Mungu wangu.
— Lichome. Nunua jingine.