Mkuu wa shule, rudi darasani: namna ya kuusimamia ufundishaji kazi za ofisi zikiwa zimekuzonga

Ripoti, risiti, wageni, simu: jua linazama na mkuu wa shule ya umma hajasikia mwalimu hata mmoja akifundisha. Nimeishi hivyo kwa miaka. Utaratibu huu ndio ulionitoa huko.

Hatua ya 1. Kwa wiki 2, andika ulichokifanya kila baada ya nusu saa. Kisha tia alama kazi ambazo ni wewe tu unayeweza kuzifanya. Mimi nilijikuta nakesha na daftari la stoo!

Hatua ya 2. Gawa kazi. Fedha baki nazo, maana wakaguzi watakuuliza wewe. Mahudhurio, vifaa na ratiba mpe makamu, mwalimu wa taaluma na karani, kwa maandishi.

Hatua ya 3. Tenga vipindi 3 kwa wiki vya kukaa darasani na uviingize kwenye ratiba kuu. Wiki ya mitihani vipunguze, usivifute.

Hatua ya 4. Kaa kipindi kizima, halafu zungumza na mwalimu siku hiyohiyo. Hapa ndipo wengi tunapopotea, tukidhani kupita madarasani dakika 5 ni usimamizi. Utafiti wa Grissom, Loeb na Master wa mwaka 2013, uliowafuatilia wakuu wa shule nchini Marekani, uliona kwamba wanafunzi walipiga hatua zaidi pale mkuu alipotumia muda kumnoa mwalimu. Ziara za kupita tu ziliendana na matokeo hafifu. Kwa hiyo ukikosa muda wa mazungumzo, ahirisha ziara yenyewe.

Anza na swali: "Mwalimu, leo nani hakukuelewa, na umemjuaje?" Kisha nyamaza, hata kimya kikikukera. Mkubaliane jambo moja la kurekebisha na tarehe utakayorudi. Usiyaingize mazungumzo haya kwenye faili la nidhamu. Ukifanya hivyo mara moja, walimu wote watakufundishia somo la maonyesho.

Hatua ya 5. Mtindo ufuate mtu. Mwalimu mgeni anahitaji maelekezo ya wazi, hata kukaa naye kuandaa somo. Mzoefu msikilize, na umwombe awakaribishe wenzake darasani kwake. Aliyekata tamaa mtafute kwanza kwa faragha, ujue kinachomsibu, kabla hujagusa andalio lake la somo.

Hatua ya 6. Tarehe ikifika, rudi. Uliza lile jambo moja tu, hata kama umeona mengine kumi.