Kupanda Kilimambogo kwa miguu: mwezi, mzigo na mwenye njia

Jina lenyewe limekuonya: mbogo ni nyati, na kilima hiki ni chao. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sapuk, mlima mkubwa, maana umesimama peke yake juu ya tambarare bila mwenzake wa kulinganishwa naye. Wakikuyu wakauita Kĩanjahĩ, na njahi, mbali na kuwa chakula, ni jina la mvua za masika. Anayepanga safari kutoka Nairobi akiyazingatia majina hayo matatu atakuwa amejibu maswali karibu yote: umbali wa kupanda, mwezi wa kwenda, na nani mwenye njia.

Kilele kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Kutoka lango la mbuga ya taifa inayouhifadhi mlima hadi juu ni kilomita 9 za barabara ya gari inayouzunguka mlima ikipanda, na utainuka karibu mita 600. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida huchukua saa mbili na nusu hadi tatu na nusu kupanda, na kama saa mbili kushuka. Hakuna kamba wala mawe ya kukwea kwa mikono. Kinachowashinda watu ni hizo kilomita 18 za kwenda na kurudi, hasa kwa aliyeanza saa nne na kukutwa na jua la adhuhuri kwenye vichaka vya chini.

Mwezi wa Januari na Februari ndio bora: udongo mkavu, anga safi, na asubuhi unaweza kuuona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu hugandamana na viatu mpaka kila hatua inakuwa ya kilo moja, na magari yasiyo ya foo-bai-foo hukwama. Juni hadi Agosti kuna mtego mwingine. Wingu la baridi la Nairobi hulala hadi karibu saa sita, kwa hiyo anayekimbilia kileleni alfajiri ataona ukungu mtupu. Miezi hiyo panda mapema kwa ajili ya wanyama, lakini mandhari ingoje wakati wa kushuka.

Kwa matatu, panda ya Thika (namba 237), kisha ya barabara ya Garissa, na umwambie makanga akushushe njia panda ya Donyo Sabuk, kama kilomita 22 baada ya Thika. Hapo unakata kulia, na bodaboda itakupeleka kupitia mji wa Donyo Sabuk hadi langoni. Chukua namba ya simu ya huyo wa boda, kwa sababu jioni langoni hakuna foleni ya kuwachagua. Kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu. Lipa usiku uliotangulia ukiwa na chaji na bando, na beba kitambulisho, kwa kuwa mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni.

Anayekwenda kwa miguu hupanda na askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) mwenye bunduki, ambaye hulipiwa kando. Usimwone kama gharama ya kukwepa. Kikundi kikizidi watu kumi hivi, omba wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, maana msururu ukirefuka, wa nyuma huwa wanatembea bila ulinzi.

Maji ni lita mbili kwa mtu, tatu wakati wa jua kali. Mlimani hakuna kibanda wala bomba. Hapa wengi huumbuka langoni: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za Kenya, na hiyo inajumuisha chupa za maji za dukani. Beba chupa ya chuma au ya plastiki ngumu. Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu, si mkononi, kwa sababu nyani wanajua begi la chakula lilivyo na dume moja halihitaji ruhusa yako. Vaa suruali ndefu na uichomeke ndani ya soksi kwa sababu ya kupe. Kata kucha za miguu siku moja kabla. Kwenye mteremko wa kilomita 9 vidole vinagonga ncha ya kiatu, na kucha ndefu hugeuka nyeusi.

Sasa nyati. Kundi lenye majike na ndama si tatizo kubwa, kwani hukusikia mapema na kuondoka kwa kishindo. Wa kuogopwa ni madume wazee waliojitenga, mmoja au wawili watatu, wanaolala mchana ndani ya kichaka hatua chache kutoka barabarani. Hao hawakimbii. Dume hufika kilo 700 na zaidi, na halitoi sauti ya kukuonya.

Kwa hiyo soma barabara. Kinyesi cha nyati kinafanana na cha ng'ombe, na kwa kuwa ndani ya uzio wa mbuga hakuna mifugo ya kuchunga, usijidanganye kwamba ni cha ng'ombe wa mtu. Kikiwa kinang'aa, kibichi, na nzi wamekijaa, mwenyewe yuko karibu. Kikiwa na ukoko juu lakini chini bado laini, ni cha usiku au alfajiri. Kikivunjika kama mkate mkavu, ni cha siku nyingi. Alama ya kwato nayo tazama kingo zake: kingo kali, na majani yaliyolala ambayo hayajaanza kuinuka, maana yake amepita sasa hivi. Ukisikia ndege aina ya shashi wakilia kwa mkwaruzo na kuruka ghafla kutoka kichakani, simama. Shashi hula kupe mgongoni kwa nyati, na wakiruka pamoja, mara nyingi mwenye mgongo amesimama.

Upepo una uzito kuliko macho. Pua ya nyati ni kali sana, hivyo kila penye kona mwaga vumbi kidogo uone linaelekea wapi. Likielekea mbele yako, harufu yenu imeshatangulia na wanyama wana nafasi ya kuondoka. Likikurudia usoni, utamkuta nyati ambaye hajui kama upo, na hapo ndipo ajali zinapotokea. Ongeeni kwa sauti ya kawaida kwenye kona za namna hiyo, hata kama mlikuja kutazama ndege. Mkikutana naye uso kwa uso, msikimbie kila mtu njia yake. Simameni nyuma ya askari, mrudi kinyumenyume taratibu, macho yakiwa yameshatafuta mti wa kupanda. Akikushukia na huna mti, lala kifudifudi ukigandamana na ardhi. Pembe zake hupata shida kukiinua kilicho chini kabisa.

Ukishapita vichaka na kuingia msituni, inua macho. Wengi huwaona kima wakadhani ni mbega. Mbega ni mweusi mwenye shela jeupe linaloning'inia ubavuni na mkia wenye kishungi cheupe, na hana kidole gumba. Kima ni wa kijivu, kola nyeupe shingoni, na hula matunda kwa haraka haraka. Mbega hula majani, kwa hiyo baada ya kushiba hukaa tuli kwa muda mrefu. Mtafute kwa mkia, unaoonekana kama kitambaa kilichosahaulika mtini. Kati ya ndege, shorobo ni kijani kibichi na hupotea kabisa kwenye majani mpaka aruke, ndipo mabawa mekundu yanapofunguka. Wekundu huo una madini ya shaba ndani yake. Pongo, swala wa vichakani, utamwona pembezoni mwa barabara asubuhi na mapema tu.

Kwenye kilomita ya 7 kuna uwanda wenye kaburi la William Northrup McMillan, Mmarekani aliyehamia Kenya na kufariki mwaka 1925. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi imebeba jina lake. Inasemekana alitaka azikwe kileleni, msafara ukashindwa na mteremko. Ukienda kwa gari dogo, chukua hilo kama tangazo la barabara. Mandhari bora pia iko hapo. Kileleni penyewe kuna minara ya mawasiliano na miti inayokuziba, kwa hiyo aliyechoka akiishia kaburini hajapoteza kitu, ila hesabu.

Anza kushuka kabla ya saa nane. Kuanzia saa kumi nyati hutoka vichakani kulisha kandokando ya barabara, na kilomita mbili za mwisho ndizo wanazozipenda. Wengi hupitia maporomoko ya Fourteen Falls kwenye mto Athi kabla ya kurudi mjini. Yatazame, upige picha, lakini usinawe miguu: maji hayo yametoka Nairobi na uchafu wake wote, na lile povu jeupe si la maporomoko peke yake. Kupe wakague ukifika nyumbani: nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani.