SOMO: Kuchagua sehemu ya kupiga kambi Iowa (soma lote kabla ya kuniuliza)

Kila mwaka ukifika mwezi wa tano simu yangu inageuka ofisi ya utalii. "Kaka, tunataka kulala nje na watoto, twende wapi?" Namjibu mmoja, keshokutwa shemeji yake ananiuliza lilelile. Sasa naandika mara moja, na kila atakayeuliza nitamtumia hili.

Naishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Nimepiga kambi jimbo hili misimu tisa, mingi katika kaunti za mashambani ambako kutoka mji hadi mji ni mahindi, soya, mahindi, soya. Ondoeni kichwani picha ya Mikumi. Karibu ardhi yote ya Iowa ni mali ya watu binafsi, na kambi nyingi ni kipande cha miti kilichobaki kati ya mashamba, kando ya mto au bwawa. Ukiweka hema hapo una jirani ambaye yuko kazini, na kazi yake ina harufu, vumbi na kelele. Wengi mnachagua kambi kwa picha ya ziwa. Mimi nachagua kwa jirani.

1. Hesabu watu. Kambi nyingi zina kikomo cha watu kwa kila kiwanja. Mkiwa ukoo mzima, kodini viwanja viwili au banda la pikiniki.

2. Jua mwenye kambi ni nani. Kuna hifadhi za jimbo, kuna kambi za wahandisi wa jeshi kwenye mabwawa makubwa kama Saylorville, Red Rock, Coralville na Rathbun, kuna hifadhi za kaunti, na kuna vibustani vya miji midogo. Watu wetu wanajua za jimbo tu, ndiyo maana mnakosa nafasi. Iowa ina kaunti 99 na kila moja ina bodi yake ya hifadhi. Kambi za kaunti mara nyingi ni tulivu na nafuu, na Ijumaa jioni unaweza kukuta nafasi. Kwenye vibustani vya miji hamna hata mtu wa kukupokea: kuna kisanduku cha chuma na bahasha, unaandika namba ya gari, unatia pesa, unadumbukiza. Beba noti ndogo, kisanduku hakirudishi chenji.

3. Tazama kalenda. Wiki kamili ya mwisho ya Julai kuna RAGBRAI, safari ya baiskeli inayokata jimbo zima tangu 1973. Njia hubadilika kila mwaka, na katika mji ambao waendeshaji watalala, sahau nafasi. Maonyesho mengi ya kaunti nayo ni Julai. Na ukienda katikati ya Oktoba au baadaye, uliza kama maji ya bomba na mabafu bado yako wazi. Hufungwa mapema kwa ajili ya baridi.

4. Fungua ramani ya setilaiti, tafuta nguruwe. Iowa ina watu milioni 3 na kidogo, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Hutawaona, wamo ndani. Tafuta mapaa marefu ya bati yaliyopangwa sambamba, mawili, manne, sita, katikati ya shamba. Kiangazi upepo wa huku mara nyingi hutoka kusini, kwa hiyo mabanda yakiwa kusini mwa kambi, chakula chako utakila ukiwa umeziba pua. Yakiwa kaskazini, afadhali. Samadi hukaa kwenye shimo chini ya banda na humwagwa mashambani hasa baada ya mavuno, yaani mwezi ule ule mnaotaka kupiga picha na majani mekundu.

5. Tazama reli. Treni za mizigo hupita usiku kucha, na kila zinapokata barabara hupiga honi: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Maili mbili si mbali.

6. Usiiamini simu kwa barabara. Barabara za mashambani zimepangwa kama daftari la hesabu, moja kila maili, na utakuta "Mtaa wa 240" usio na nyumba hata moja. Nyingi ni za changarawe, hazina shida. Shida ni zile za leveli B: udongo mtupu, na mwanzoni kuna kibao kinachosema haitunzwi, ingia kwa hatari yako. Simu inaiona kama njia ya mkato. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unashika tairi kama ugali. Ukiona kibao hicho, geuza.

7. Kiwanja kiwe juu. Kando ya kijito ndipo pazuri kwa picha na ndipo maji hupita kwanza.

8. Jua jina la kaunti uliyomo, na jengo la kujificha. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa sita, tulikuwa kambi moja magharibi ya jimbo, mimi, mke wangu na watoto wawili. Saa nane usiku radi zimefuatana mpaka mbingu inaonekana kama taa mbovu ya dukani. Nikawasha redio ya gari. Mtangazaji, bila papara, anasoma kaunti zilizo hatarini kupigwa na tonado, ule upepo mkali unaozunguka kama pia: majina matano, sita. Najua jina la ziwa, najua bei niliyolipa, najua hata namba ya kiwanja. Jina la kaunti silijui. Mke wangu ananiuliza, "Ni sisi?" Mimi nasema, "Subiri arudie." Akarudia. Bado sijui. Mtandao wa simu haupo. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye trela jirani akagonga kioo cha gari, akaonyesha kwa tochi jengo la mabafu, akaondoka bila maelezo. Tulisimama humo watu kama thelathini na mbwa wanne, kuta za matofali ya saruji, mtoto wangu mdogo kalala kwenye beseni la kunawia. Tonado haikutufikia. Upepo peke yake ulilichukua hema ukalitundika kwenye uzio wa shamba la soya, na asubuhi nikagundua kwamba kaunti yetu ilikuwa ya pili kutajwa.

Kwa hiyo, na hili silifanyii mzaha:

Andika jina la kaunti kwenye karatasi, bandika kwenye dashibodi. Andika na la kaunti iliyo magharibi yako, maana dhoruba nyingi hutoka upande huo. Ikitajwa hiyo, wewe vaa viatu.

Redio ikisema "wochi", maana yake hali inaruhusu tonado kutokea. Ikisema "woningi", imeonekana kwa macho au kwa rada. Kwenye woningi hukunji hema, hutafuti chaja. Unakimbia.

Ving'ora vimewekwa kwa ajili ya watu walio nje mjini. Kambini kati ya mahindi unaweza usisikie chochote. Nunua redio ya hali ya hewa ya betri, ile unayoweza kuipangia kaunti yako ikuamshe.

Hema si kinga. Gari si kinga. Chini ya daraja ni pabaya zaidi, upepo unakazana pale. Ukifika kambini, kabla hujashusha hata mkeka, uliza: dhoruba ikija, watu wanakwenda wapi? Wakikujibu "hakuna mahali", tafuta kambi nyingine.

Na si tonado tu. Wa Cedar Rapids mnakumbuka tarehe 10 Agosti 2020: mchana kweupe, upepo uliokadiriwa kufika maili 140 kwa saa, miti ya mji mzima chini. Ile haikuwa na mkia wa kuzunguka, ilikuwa ukuta wa upepo.

9. Kuni. Nunua hukohuko utakakoziwasha, usibebe za nyumbani. Kuna mdudu kutoka Asia anayeua miti na husafiri ndani ya kuni.

10. Lipa, chapisha risiti, nenda.

MASWALI

Mtoto_wa_Temeke: Mkuu somo refu sana. Nipe tu jina la sehemu moja nzuri.

Mwandishi: Hatua ya 2 hadi ya 8.

Mtoto_wa_Temeke: Si useme tu.

Mwandishi: Nikikutajia, Jumamosi utaniandikia kuwa pananuka. Soma.

Dereva_I80: Kwani lazima kulipa? Si unaegesha pembeni ya shamba unalala? Colorado tulikuwa tunafanya hivyo.

Mwandishi: Colorado kuna misitu ya serikali. Huku kila shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana namba ya sherifu. Usifanye.

MamaNeema: Asante kaka kwa somo. Mwanangu wa kwanza ana pumu, na nina kichanga cha miezi mitatu. Nimesikia huku kuna ndege za kupulizia dawa. Nitajuaje kama kambi iko karibu nazo? Na maji ya bomba ya kambini yanafaa kwa maziwa ya mtoto, au niyachemshe?

Mwandishi: Dada, umeuliza maswali mawili ambayo nilipaswa kuyaweka juu. Ndege hupulizia mahindi dawa ya ukungu hasa Julai na mwanzo wa Agosti. Utazisikia alfajiri, zinashuka hadi karibu na vilele vya mahindi kisha zinapanda ghafla. Watoto watafurahi, ila wewe chagua kiwanja kilicho ndani, chenye miti mingi kati yako na shamba. Ikija karibu, ingizeni watoto ndani ya gari, fungeni vioo. Septemba na Oktoba angalia vumbi la mavuno, kwa mwenye pumu lile linaweza kuwa baya kuliko ndege. Juni ndiyo nzuri kwenu.

Maji: tabia yetu ya kuchemsha ni nzuri kwa vijidudu, lakini hapa tatizo lingine ni naitreti inayotoka kwenye mbolea ya mashambani. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi. Kwa mtoto chini ya miezi sita usijaribu maji ya kisima usichokijua. Beba ya chupa kutoka nyumbani.

MamaNeema: Mungu akubariki. Ningeyachemsha mara mbili.

Mzoefu_QuadCities: Bwana acha kutisha watu. Mimi miaka minne nalala kando ya mto kabisa, sijawahi kuona maji wala tonado.

Mwandishi: Hongera. Sikusema yatakuja kila wiki. Nimesema nilikuwa na watoto wawili na sikujua niko wapi. Kama wewe unajua uko wapi, somo hili halikuhusu.

Mzoefu_QuadCities: Sikumaanisha hivyo ndugu. Ila mbona hukuzungumzia kaskazini mashariki? Kule si mahindi matupu.

Mwandishi: Hapo una hoja. Kule barafu ya kale haikusawazisha nchi, kuna majabali, mabonde na vijito vya baridi vyenye samaki trauti. Backbone ndiyo hifadhi ya kwanza ya jimbo, na Pikes Peak pale McGregor unaona Mto Wisconsin ukiingia Mississippi. Kwa hiyo huwa zimejaa. Fungueni ukurasa wa nafasi miezi mitatu kabla, siku ileile. Vijito vya kule hujaa haraka kwa sababu ya miteremko, kwa hiyo hatua ya 7 izidishe mara mbili.

Fundi_Baiskeli: Ziwani watoto waogelee?

Mwandishi: Tazama ubao wa ufukweni, maji yakiwa si salama hubandikwa tangazo. Kiangazi maji ya fukwe za jimbo hupimwa kila wiki, bakteria na sumu ya mwani. Ukiyaona ya kijani kama rangi iliyomwagika, hata mbwa asiingie.

Kasongo_CR: Ndugu, asanti sana. Sisi tuko familia ya watu kumi na nane, toka Uvira, sasa Cedar Rapids. Mimi niko na swali ya mahindi. Tunapita katikati ya mahindi maili mia, watoto wanalia wanataka ya kuchoma. Tunaweza kuomba mwenye shamba?

Mwandishi: Papa Kasongo, karibu sana. Kuomba mnaweza, kuchuma bila kuomba ni wizi hata kama ni gunzi moja. Mahindi unayoyaona ni ya mifugo na ya ethanoli. Yale matamu ya kula huuzwa kwenye gari pembeni ya barabara kuanzia kama katikati ya Julai.

MamaNeema: Yale matamu mimi nayaona kama keki. Hayachomeki.

Kasongo_CR: Kabisa mama! Ni sukari.

Mwandishi: Ndiyo maana nasema ombeni. Mahindi ya shambani yakiwa bado na maziwa, wiki za mwisho za Julai hadi mwanzo wa Agosti, yanafanana sana na ya kwetu. Mkulima atakushangaa, atacheka, wengi watakupa ndoo nzima. Ila muulize lini yalipuliziwa dawa, na usichukue kabla hajakujibu. Nilipoomba mara ya kwanza, bwana mmoja aliniuliza nina ng'ombe wangapi.

Fundi_Baiskeli: 😂😂 Na mbuzi je? Jiko la kambini ni kaduara kadogo.

Mwandishi: Lile duara la chuma ni la kuchomea soseji. Beba jiko lako la mkaa. Mbuzi, ulizia bucha ndogo za mijini wanazoziita loka, zinachinja kwa oda. Piga simu wiki mbili kabla, sema unataka akatwe na mifupa yake, la sivyo utapewa vipande kama vya supamaketi. Wa halali waulize wazi nani atachinja na kama mnaweza kuja wenyewe.

Kasongo_CR: Na muziki? Rumba kidogo usiku?

Mwandishi: Mchana, kwa kiasi. Kimya huanza saa nne au saa nne na nusu usiku, angalia ubao wa pale. Majirani wengi ni wastaafu, saa tatu wamelala.

Mtoto_wa_Temeke: Nimesoma. Nimepata ya kaunti, mabanda yako kaskazini, reli maili tisa. Jengo la mabafu ni la mbao, hilo linafaa?

Mwandishi: Sasa hapo unaongea. La mbao silipendi. Piga simu ofisi ya hifadhi ya kaunti kesho asubuhi, uliza kama kuna jengo la saruji au chumba cha chini karibu, na ni dakika ngapi kwa miguu. Halafu rudi utuambie, na sisi tujue.