Kabla hujavuta upinde: mambo ya kuweka sawa ili akili itulie

Wengi wanaopiga upinde wa jadi, ule wa mti usio na kifaa cha kulengea, mshale ukienda pembeni wanalaumu mkono, ila mi naona mara nyingi tatizo limeanza kabla hata hawajavuta, akili ishafika kwenye shabaha wakati mwili bado haujajipanga.

Anza na vifaa, maana ukiwa na wasiwasi navyo hutulii. Pitisha vidole kwenye ugwe uone kama kuna nyuzi zimekatika, kila mshale ukunje kidogo karibu na sikio, ukisikia unalia weka pembeni usiurushe kabisa. Halafu upinde usikuzidi nguvu! Kama huwezi kuuvuta hadi mwisho ukakaa nao kidogo bila kutetemeka, chukua mwepesi, sio aibu. Watoto wa Kihadzabe kule Ziwa Eyasi wanaanza na vipinde vidogo, vile vigumu vya kuwindia vinakuja baadaye.

Sasa hili ndo kubwa. Jicho likiona shabaha tu, vidole vinafunguka vyenyewe kabla mkono haujafika shavuni. Wapiga upinde wa Japani, wale wa kyudo, wanaliita hayake na wanalijua vizuri sana, mazoezi yao mengi wanapiga makiwara, yaani mzigo wa majani makavu yaliyokazwa, wakiwa mita mbili hivi tu, hapo huna cha kukosa kwa hiyo akili yote inabaki kwenye mwili. Na we fanya hivyo kabla ya kwenda mbali: gunia lijazwe nguo chakavu hadi likaze, toa alama zote, vuta, kidole cha shahada kiguse kona ya mdomo palepale kila mara, ndo uachie. Mara nyingine vuta hadi mwisho halafu rudisha taratibu bila kuachia, akili izoee kwamba kuiona shabaha sio amri ya kufungua vidole. Ila usiachie ugwe bila mshale, upinde unaweza kuvunjika mkononi.

Ukirudi mbali usiangalie tageti nzima, chagua kitundu kimoja cha mshale wa jana ukodolee hicho hicho, na ukishaachia baki ulivyo mpaka mshale ugonge, ukichungulia mapema mkono wa upinde unashuka na mshale nao unashuka.

Simu ibaki kwenye begi. Kahawa nyingi inatetemesha. Hakikisha nyuma ya shabaha hakuna njia ya watu wala mbuzi, huwezi kutulia huku unawaza nani atatokea. Mishale iliyokuwa inakaa pamoja ikianza kutawanyika umechoka, acha hapo hapo, usiseme ngoja mmoja wa mwisho. Na ukimaliza fungua ugwe, upinde wa mti ukiachwa umefungwa unazoea kupinda na nguvu inapungua, kesho utalenga palepale na mshale utaangukia chini.