Kupaka Rangi Upya Tangi la Pikipiki Nyumbani
Ling'oe tangi, toa petroli yote mbali na moto, kisha lioshe kwa sabuni na ulifute kwa kitambaa chenye tina (kiyeyushi cha rangi) kidogo, kwa sababu grisi ikibaki, rangi mpya itajitenga na kuacha vishimo. Sugua kwa msasa namba 320 hadi mng'ao uishe. Penye kutu, fika kwenye bati tupu. Palipobonyea jaza pati (lipu ya kuziba mabonde), sawazisha, pulizia praima (rangi ya msingi), na ikikauka isugue kwa msasa wa maji namba 600. Rangi yenyewe ipulizwe kwa matabaka mepesi, kopo likiwa umbali wa sentimita 25 hivi na mkono ukitembea bila kusita. Mwenye haraka huambulia michirizi. Vaa barakoa ya kuchuja mvuke, mahali penye hewa. Vanishi, tabaka angavu la mwisho juu ya rangi, iwe inayostahimili petroli, la sivyo itaumuka kuzunguka mdomo wa tangi.