Jiko la makaa kwa nyumba: fanya hivi kabla hamjalala

Baridi ya Julai imeshika na najua venye nyumba ya mabati hukuwa usiku, unaskia upepo ukiingia hadi kwa godoro, kwa hivyo mtu anavuta jiko ndani, anafunga mlango, watoto wanaota moto hadi usingizi unawabeba. Naomba usome hii kabla uingize jiko leo, ju mwaka jana kwa ploti yetu tulikaribia kuzika mama na watoto wake wawili usiku mmoja.

Kitu chenye wengi wetu tumeshika vibaya ni kuogopa moshi peke yake. Jiko linawashwa nje, likishashika, makaa yakawa mekundu na majivu meupe juu, ndio linaingizwa ndani ati sasa ni safi. Sivyo. Gesi yenye huua inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na inatoka kwa hayo makaa mekundu yametulia hivyo, na inazidi yakikosa hewa, kama ukiyafunika na majivu ndio yafike asubuhi. Ukiivuta inaingia kwa damu na kukalia nafasi ya oksijeni, inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hivyo unapumua vizuri kabisa lakini mwili unakosa hewa ndani kwa ndani. Na kama umelala usitegemee kuamka, usingizi unazidi tu kuwa mzito.

Basi, jiko liwashwe nje na lipike nje. Najua kuna mtu anaishi chumba kimoja, gesi imeisha, nje kunanyesha, huyo akilazimika kupikia ndani afungue mlango na dirisha hewa ipite, na ajue hiyo inapunguza hatari, haiimalizi. Ukishaepua sufuria jiko litoke. Sio kulisukuma kando ya mlango, litoke nje kabisa umwagie makaa maji hukohuko, ju hata yenye unaona kama yamezima yanaendelea kutoa gesi kwa muda mrefu.

Usizibe nyumba. Kwa yule mama nilikuja kuangalia asubuhi, chini ya mlango kulikuwa na tambara limekunjwa vizuri, na pale juu mabati hukutana na ukuta alikuwa amejaza vipande vya gunia, amevisukuma na kijiti hadi vikabana. Aliifanya kwa upendo, watoto wasipigwe na baridi. Kando ya jiko kulikuwa na beseni la maji, ju aliambiwa maji hunyonya gesi. Hayanyonyi, tafadhali ambia wenye wanaamini hivyo.

Sasa utapata joto aje? Chemsha maji hukohuko nje, tia kwa chupa yenye haivuji, izungushie leso mara mbili isichome mtoto, weka miguuni ndani ya blanketi. Tandika katoni chini ya godoro kama mnalala kwa sakafu, simiti ndio hunyonya joto. Soksi, kofia, watoto walale pamoja.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, mtu kuongea vitu havieleweki. Watu husema ni malaria ama chakula kilikuwa kibaya. Jiulize kama mmeanza kuugua wote pamoja, kama hakuna mwenye mwili ni moto, na kama mkitoka nje mnapata nafuu. Ikiwa ni hivyo tokeni sasa hivi, usingoje kuona kama itapita. Mwenye mimba na watoto wadogo ndio huumia haraka, na mtoto wa tumboni anaweza kuumia hata mama akiwa anajiskia tu amechoka.

Jenereta pia usiiweke ndani ya duka stima ikipotea, na usiache gari ikinguruma ndani ya garaji. Kama ekzosi inavuja na kila mara kwa jam ya Mombasa Road watoto wanalia kichwa, peleka kwa fundi. Mwenye anaweza kununua kengele ya kaboni monoksaidi anunue, lakini asome boksi vizuri, ile ya moshi ni kitu tofauti.

Ukikuta watu wamelala hawaamki usiingie ukaanza kuwatingisha ukiwa humo ndani, utaanguka nao. Siku ile kijana wa jirani aliskia mtoto anakoroma sauti si ya kawaida, tukabisha, kimya, tukavunja kitasa. Fungua mlango na dirisha wazi, vuta pumzi nje, ingia, vuta mtu mmoja hadi nje, rudi nje upumue, ingia tena. Mwingine apige 999 ama 112, ama 1199 ya Msalaba Mwekundu. Mtu hapumui na unajua kukandamiza kifua, anza. Kuna jirani alikuja mbio na maziwa, tukamzuia: maziwa hayatoi hii gesi kwa damu na mtu hajitambui yanaweza kumnyonga.

Lazima wafike hospitali, hata mwenye ameamka anasema yuko sawa. Kwa hewa ya kawaida gesi huchukua kama masaa 4 hadi 5 kupungua nusu kwa damu, kwa oksijeni ya maski ni kama saa moja hivi. Na useme wazi kwa daktari, "Walikuwa na jiko ndani," ju kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni kinaweza kuonyesha asilimia 98, kama mtu mzima tu, na mtu ako hatarini, hakitofautishi hii gesi na oksijeni.

Mkirudi nyumbani endelea kumuangalia mwezi mzima na zaidi. Akianza kusahau vitu, kutembea vibaya ama kubadilika tabia, mrudishe hospitali na uwakumbushe habari ya jiko.